Barua ya wazi kwa Kemi Badenoch: kura milioni 7 hazikupotelea upande mmoja

Mheshimiwa Kemi Badenoch,
Kiongozi wa Chama cha Conservative na Kiongozi wa Upinzani Bungeni,
London.

Mheshimiwa,

Tunakusalimu kwa heshima. Tunaokuandikia ni wapiga kura wenye asili ya Kenya, Tanzania na Uganda tunaoishi Uingereza. Wengi hawajui kwamba mtu mwenye pasi ya Kenya au ya Tanzania, akiwa anakaa hapa kihalali, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura hata ya ubunge, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo hatuandiki kama wageni wanaochungulia dirishani. Tunaandika kwa Kiswahili, tena hadharani, ili wenzetu wenye haki hiyohiyo waipime hoja yetu kabla ya siku ya kura.

Hoja yenyewe ni hii: chama chako kimeachana na mpiga kura wa kawaida, na tangu kianguke kimekuwa kikimtafuta mmoja tu kati ya wengi waliokihama.

Tuanze na hesabu. Desemba 2019 chama kilipata karibu kura milioni 14, sawa na asilimia 43.6, na viti 365. Tarehe 4 Julai 2024 kilipata kura milioni 6.8, asilimia 23.7, na viti 121. Hata mwaka 1997, Tony Blair alipowafagia, mlibaki na viti 165. Wales hamkupata mbunge hata mmoja. Witney, lililokuwa jimbo la David Cameron, Maidenhead la Theresa May, na Henley ambalo Boris Johnson aliwahi kuliwakilisha, yote majimbo ya mawaziri wakuu wenu wa zamani, yalikwenda kwa chama cha Liberal Democrats. Liz Truss, naye waziri mkuu wa zamani, aliyeshinda South West Norfolk mwaka 2019 kwa tofauti ya kura zaidi ya 26,000, alishindwa kwa kura 630. Wewe mwenyewe ulipita North West Essex kwa tofauti ya kura 2,610.

Walikwenda wapi hao milioni 7? Baadhi walifariki, na wengine walikaa nyumbani: waliojitokeza nchi nzima walishuka kutoka asilimia 67 hadi takriban 60. Kwa waliopiga kura, kampuni ya utafiti ya YouGov ilikuta kwamba kati ya waliowachagua ninyi mwaka 2019, asilimia 53 hivi walibaki, robo walikwenda Reform UK, chama cha Nigel Farage, mmoja kati ya 10 alikwenda Labour, na asilimia 7 hivi Liberal Democrats.

Tangu hapo masikio ya uongozi yameielekea ile robo. Katika mkutano mkuu wa Manchester, Oktoba 2025, mlitangaza kujitoa katika Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu na kuifuta Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2008. Hatusemi mambo hayo hayafai kujadiliwa. Tunasema hesabu ya majimbo haikubaliani na mkazo huo. Katika mfumo wa uchaguzi wa Uingereza, mwenye kura nyingi jimboni ndiye mshindi, basi. Mpiga kura anayetoka kwenu kwenda kwa Liberal Democrats mahali ambapo hao ndio washindani wenu wakuu anawatia hasara mara 2: kwenu imepungua kura 1, kwao imeongezeka 1. Anayekwenda Reform mahali ambapo Reform ni wa tatu ameongeza pengo kwa kura 1 tu. Ukichukua asilimia 10 na 7 ukazizidisha kwa 2 unapata 34. Ile robo inabaki 25. Hesabu hii haitoi jibu moja kwa kila jimbo, na pale ambapo Reform sasa ndiye anayeongoza, hasara yake nayo ni mara 2. Ndiyo maana ni lazima ifanywe jimbo kwa jimbo, na si kwa kusoma wastani wa taifa kwenye gazeti la asubuhi.

Uchaguzi wa halmashauri wa Mei 2025 ulionyesha mtego wenyewe ulivyo. Kent, ngome yenu ya miaka mingi, Reform ilichukua viti 57 kati ya 81 vya halmashauri, ninyi mkabaki na 5. Uchaguzi huohuo, Shropshire, iliyokuwa mikononi mwenu, ikaenda kwa Liberal Democrats. Mkimfukuzia mpiga kura wa Kent kwa maneno yanayomkimbiza wa Shropshire, mtawakosa wote wawili, kwa sababu wa Kent anaweza kusikia maneno hayohayo kwa Nigel Farage, ambaye hajawahi kushika serikali na hana rekodi ya kujibia.

Na rekodi ndiyo penye uzito. Tunaomba usome aya zinazofuata taratibu, maana tunaona chama kinazungumzia itikadi wakati watu waliondoka kwa sababu ya fedha, hospitali na nyumba.

Kuhusu kodi, chama chenu kinajitambulisha kuwa cha kodi ndogo. Kiwango cha mapato kisichotozwa kodi kiligandishwa kwenye pauni 12,570 tangu Aprili 2021. Mchukue mfanyakazi wa kima cha chini cha mshahara, saa 37.5 kwa wiki. Mwaka 2021 kima hicho kilikuwa pauni 8.91 kwa saa, sawa na takriban pauni 17,370 kwa mwaka. Kodi ya mapato yake ilikuwa kama pauni 960. Aprili 2024 kima kilifika pauni 11.44, yaani pauni 22,308 kwa mwaka, na kodi ikawa karibu pauni 1,950. Ni mtu yuleyule, kazi ileile, kodi imezidi maradufu, wakati mfumuko wa bei uliwahi kugonga asilimia 11.1 Oktoba 2022. Hakuna waziri aliyesimama kutangaza kwamba anampandishia kodi mfagiaji. Hati yake ya malipo ndiyo iliyomwambia.

Hospitalini nako, orodha ya wanaosubiri matibabu England ilikuwa takriban milioni 2.5 mlipoingia madarakani mwaka 2010, milioni 4.6 kabla ya korona, na milioni 7.6 mlipoondoka. Korona haiwezi kubebeshwa ile safari ya kwanza. Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, aliahidi Januari 2023 kwamba orodha zitapungua. Mtu anayengoja kubadilishiwa nyonga hahitaji kampuni ya utafiti imweleze kama ahadi ilitimia.

Kisha nyumba, na hapa tutakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo penye umri. YouGov ilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu alianza kuelekea kuwachagua ninyi kuliko Labour akifika miaka 39. Mwaka 2024 umri huo ulikuwa 63. Zamani watu walisema kijana atakuwa mhafidhina akishapata nyumba na watoto. Waliosema hivyo walidhani nyumba itapatikana. Serikali ya Margaret Thatcher ililielewa hilo: Sheria ya Nyumba ya 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizokaa, kwa punguzo, na wengi wao wakawa wenu. Leo nyumba ya kawaida England inagharimu takriban mara 8 ya mshahara wa mwaka. Juni 2021 mlipoteza uchaguzi mdogo wa Chesham and Amersham kwa Liberal Democrats baada ya serikali kutaka kulegeza sheria za ujenzi, mkaogopa, mkauweka mpango kando. Desemba 2022 wabunge wenu wa viti vya nyuma, wasio mawaziri, wakalazimisha malengo ya ujenzi ya halmashauri yageuzwe kuwa ushauri. Kila mara aliyesikilizwa ni mwenye nyumba tayari, na asiyekuwa nayo akaambiwa asubiri.

Jibu lenu jipya ni kufuta ushuru wa kununua nyumba ya kuishi. Tuupime. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, anayenunua nyumba ya kwanza ya pauni 280,000 England halipi ushuru huo hata senti, kwa sababu msamaha wake unafika pauni 300,000. Mkiufuta, anaokoa sifuri. Anachokikosa ni malipo ya awali: asilimia 10 ya nyumba hiyo ni pauni 28,000, na mwenye kulipa kodi ya chumba kila mwezi hazioni fedha hizo. Sasa mchukue mwenye nyumba anayehamia ya pauni milioni 1. Analipa pauni 2,500 kwenye sehemu ya kwanza inayotozwa, 33,750 kwenye inayofuata, na 7,500 juu yake, jumla 43,750. Huyo ndiye mtakayemwokolea. Ipo hoja nzuri kwamba ushuru huu unawazuia wazee kuhamia nyumba ndogo na hivyo unafunga soko, na tunaikubali. Lakini msiupeleke kwa vijana kama zawadi yao. Watapiga hesabu kwenye simu zao ndani ya dakika moja.

Mheshimiwa, uhamiaji unatugusa moja kwa moja, na tutausema bila kumung'unya. Ilani yenu ya 2019 iliahidi idadi ya wanaoingia ipungue. Katika mwaka ulioishia Juni 2023, walioingia waliwazidi walioondoka kwa zaidi ya 900,000. Hawakuvunja mlango. Serikali yenu iliufungua: Julai 2021 ilitia saini mkataba na Kenya wa kuleta wahudumu wa afya, na Februari 2022 ikaruhusu viza kwa watunza wazee, kwa kuwa nyumba za wazee hazikuwa na watu. Machi 2024 ikawakataza watunza wazee wapya kuja na wake, waume na watoto wao. Mwezi uliofuata, kipato kinachotakiwa kwa mkazi kumleta mwenzi wake kilipandishwa kutoka pauni 18,600 hadi 29,000, hata kama mkazi huyo ni raia wa Uingereza kwa kuzaliwa. Rudi kwenye mfanyakazi wetu wa pauni 22,308: kabla ya Aprili 2024 alitosha, baada yake hatoshi, na hajafanya kosa lolote.

Katikati ya hayo ukawepo mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi, uliotangazwa Aprili 2022. Pauni milioni 290 zililipwa kwa serikali ya Kigali, Mahakama ya Juu ikasema Novemba 2023 kwamba mpango haukuwa halali, na waliopanda ndege walikuwa watu 4, tena kwa hiari. Anayetaka wahamiaji wapungue aliona idadi inapanda huku fedha zinateketea. Sisi tuliona familia zinalipishwa deni la mpango ulioshindwa. Kwa sera moja mliwapoteza mahasimu wawili wa hoja ileile, na kuongeza ukali wa sauti hakumrudishi hata mmoja. Kinachoweza kuwarudisha ni utaratibu unaoeleweka: idadi ya viza za kila sekta itangazwe pamoja na mpango wa mishahara na mafunzo ya sekta hiyo, ili asiingizwe mtu mwaka huu na kulaumiwa mwaka ujao.

Msichukulie kwamba watu wa asili yetu wote ni wa Labour. Rishi Sunak ni mtoto wa baba aliyezaliwa Kenya na mama aliyezaliwa Tanganyika. Wazazi wa Priti Patel, waziri wenu wa zamani wa mambo ya ndani, walitoka Uganda. Ilikuwa serikali ya Conservative, ya Edward Heath, iliyowapokea takriban Wahindi 28,000 waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wakati halmashauri ya Leicester ilikuwa ikitangaza katika gazeti la Uganda Argus kwamba wasije mjini humo. Walikuja. Mwaka 2024 Leicester East lilikuwa jimbo pekee mlilolinyakua kutoka kwa Labour. Kweli, kura za Labour ziligawanyika pale, kwa kuwa wabunge wawili wa zamani waliotokana na chama hicho waligombea dhidi yake, na itakuwa kosa kulichukua jimbo hilo kama ushahidi kamili. Lakini Harrow East, penye familia nyingi zenye historia hiyohiyo, mlipita kwa zaidi ya nusu ya kura zote. Mlango wa jamii hizi haujafungwa. Unahitaji mtu wa kuubisha.

Na watu wa kubisha ndio wanaopungua. Chama husikia nchi kupitia madiwani na wanachama. Diwani ndiye anayepigiwa simu taka zisipozolewa, ndiye anayejua mtaa upi umekasirika na kwa nini, na ndiye anayesambaza karatasi za kampeni mvua ikinyesha. Mei 2023 mlipoteza madiwani zaidi ya 1,000, Mei 2024 zaidi ya 400, Mei 2025 zaidi ya 600. Kila diwani anapoondoka, anaondoka na wasaidizi wake, milango inayogongwa inapungua, na picha anayoipata mbunge inatokana na wale wanaomwandikia barua pepe na wanaokuja kwenye chakula cha jioni cha chama. Hao ni wazee zaidi na wana mali zaidi kuliko jimbo lenyewe. Hapo ndipo chama kinapoanza kudhani kwamba ukumbi wake ndio nchi.

Kipo kifaa ambacho hakitumiki vya kutosha. Baada ya kila uchaguzi, chama kinaweza kuomba kwa ada ndogo nakala ya daftari lenye alama za waliopiga kura. Haionyeshi kura ilikwenda kwa nani, inaonyesha nani alijitokeza. Hutunzwa mwaka 1 tu, kisha huharibiwa, kwa hiyo tawi lililochelewa limekosa. Lilinganisheni na kumbukumbu zenu za nyumba kwa nyumba za mwaka 2019: aliyekuwa wenu na hakujitokeza ni kundi moja, aliyekuwa wenu na akajitokeza ni jingine. Wa kwanza aulizwe kilichomkatisha tamaa. Wa pili aulizwe aliona nini kwa wengine. Mkiwapelekea wote karatasi moja yenye picha ya boti za wahamiaji, mmetupa karatasi.

Wagombea nao watokane na majimbo. Juni 2024, siku chache kabla ya mwisho wa kurudisha fomu, tawi la Basildon and Billericay lililetewa orodha yenye jina 1, la mwenyekiti wa chama, Richard Holden, aliyetoka kuwa mbunge kaskazini mwa England. Wanachama walilalamika. Alishinda kwa kura 20. Uchaguzi wa ghafla huleta haraka, lakini mliouitisha ni ninyi. Kanuni iwe kwamba makao makuu hayawezi kupeleka chini ya majina 3 mahali popote, na kwamba kila jimbo lenye matumaini liwe na mgombea angalau mwaka 1 kabla.

Sheria ya kitambulisho cha kupigia kura ya mwaka 2022 ifikirieni upya pia. Kadi ya usafiri ya London ya wenye miaka 60 na zaidi inakubaliwa. Ya mwanafunzi wa miaka 18 haikubaliwi. Jacob Rees-Mogg, waziri wenu wa zamani, mwenyewe alikiri Mei 2023 kwamba sheria hiyo iliwaumiza wazee wenu. Iliwapa vijana sababu ya kuwashuku, na haikuwapa ninyi faida.

Tumeliweka la uchaguzi wa kiongozi mwisho kwa kuwa ndilo lililozaa mengi. Mwaka 2022 waliokuwa na haki ya kumchagua waziri mkuu walikuwa wanachama 172,437, katika nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 45. Truss alipata 81,326, Sunak 60,399. Wabunge walikuwa wamempa Sunak kura nyingi zaidi. Tarehe 23 Septemba ikaja bajeti ndogo ya Kwasi Kwarteng, waziri wa fedha wa Truss, yenye punguzo la kodi la pauni bilioni 45 lisilo na chanzo cha fedha. Siku tatu baadaye pauni ilishuka hadi karibu dola 1.03, na tarehe 28 Benki Kuu ikatangaza kununua hati fungani za serikali, hadi pauni bilioni 65, kunusuru mifuko ya pensheni. Riba ya mikopo ya nyumba ya miaka 2 ilipita asilimia 6 Oktoba. Riba zilikuwa zikipanda duniani kote, hilo ni kweli, lakini hazikupanda kwa wiki namna ile. Mkopo wa pauni 200,000 wa miaka 25 hulipwa takriban pauni 850 kwa mwezi kwa riba ya asilimia 2, na takriban 1,290 kwa asilimia 6. Tena aliyefunga riba nafuu ya miaka 2 katikati ya 2022 muda wake uliisha katikati ya 2024, majira yaleyale ya uchaguzi. Wanaoshangaa kwa nini wananchi hawakusahau, jibu ni tarehe hizo.

Mwaka 2024 waliokuwa na haki ya kukuchagua wewe walikuwa 131,680, pungufu ya wale wa 2022 kwa zaidi ya 40,000. Katika raundi ya tatu ya kura za wabunge mgombea mwenzako James Cleverly aliongoza kwa kura 39. Katika ya nne ulipata 42, Robert Jenrick 41, Cleverly 37, akatoka. Hatusemi hukustahili, ulishinda kwa kanuni zilizopo, kwa kura 53,806. Tunasema kanuni inayopeleka majina 2 tu kwa wanachama inamruhusu mtu kudondoka kwa kura 4, na inawazawadia wagombea wanaojitafutia kambi moja badala ya wanaokubalika kwa wengi.

Pelekeni majina 3. Mwanachama aandike 1, 2 na 3. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho aondolewe na kura zake zihamie kwa waliowekwa wa pili. Labour na Liberal Democrats wanachagua viongozi wao kwa kura za kupanga namna hiyo, na hakuna mtambo mpya unaohitajika. Msifungue mlango kwa kila mpita njia. Labour walipowauzia wafuasi haki ya kura kwa pauni 3 mwaka 2015, ugomvi ulidumu miaka. Ongezeni muda wa uanachama unaotakiwa kutoka miezi 3 hadi 12 kama mnaogopa wavamizi, ila mwongeze majina.

Mengi tuliyoyaomba yanangoja mrudi serikalini. Hili halingoji. Ni kanuni ya ndani ya chama, iko mezani kwa bodi yenu na kwa kamati ya wabunge, na inaweza kubadilishwa kabla kinyang'anyiro kingine hakijaitishwa. Tunaomba jibu lako kuhusu hilo kwanza, kwa maandishi, hadharani kama barua hii.

Kwa heshima,
Wapiga kura wenye asili ya Afrika Mashariki waishio Uingereza